Kunakili Nyuso za Velázquez

Neno nakala halina heshima kubwa. Mtu akiambiwa kuwa shairi lake ni nakala, au kuwa kiti alichokichonga ni nakala ya kiti cha jirani, moyo wake huumia. Maana ndani ya neno lile yamo mashitaka mawili, la kwanza kuwa hakufikiri, na la pili kuwa alitwaa kisicho chake. Kiswahili kina methali kali juu ya anayemwiga tembo, nayo haina haja ya kumaliziwa hapa. Walakini katika sanaa ya kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta, kunakili kumekuwa mlango mkuu wa chuo kwa muda wa karne nyingi, na katika hesabu ya walioupita mlango ule wakiwa wameinama wamo wale ambao leo huitwa mabingwa. Rubens alinakili, Manet alinakili, Degas alinakili, Picasso alinakili. Uhalali wa kazi hii basi hauna mjadala mrefu. Lililo gumu kuelezwa ni kitu gani hasa huhama kutoka katika mkono wa stadi aliyekufa na kuingia katika mkono wa mwanafunzi aliye hai, na mwanafunzi hukilipia nini.

Miongoni mwa wachoraji wa zama za Baroko ambao kazi zao zimenakiliwa kwa wingi yumo Diego Velázquez. Alizaliwa Sevilla katika mwaka wa 1599, akafa Madrid katika mwaka wa 1660, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitoa kwa mfalme mmoja, Filipo wa Nne wa Hispania, ambaye alimchora tangu ujana wake mpaka mashavu yake yalipolegea. Akiwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi alitiwa katika karakana ya Francisco Pacheco. Pacheco hakuwa mchoraji wa ajabu, lakini alikuwa mwalimu mwangalifu na msomi, mwandishi wa kitabu kikubwa juu ya uchoraji kilichochapishwa katika mwaka wa 1649 baada ya kufa kwake. Alimpa mwanafunzi wake ujuzi, na katika mwaka wa 1618 akampa na binti yake, Juana. Walimu wa siku hizi wana ukarimu wa kiasi zaidi.

Katika mwaka wa 1628 Rubens aliwasili Madrid kwa shughuli za ujumbe baina ya wafalme. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na moja, tajiri, ambaye jina lake lilijulikana katika kila jumba la kifalme la Ulaya. Mtu kama yule alitazamiwa kufundisha. Badala yake alikaa mbele ya picha za Titian zilizokuwa mali ya mfalme akazinakili moja baada ya moja, kama kijana aliyeanza chuo juzi. Nakala yake ya picha ya Adamu na Hawa ipo katika makumbusho ya Prado, na ile ya Titian ipo vilevile, na mwenye kuzitazama zote mbili huona jambo la kuchekesha: Rubens alimwongeza kasuku juu ya mti, akaubadili na mkao wa Adamu. Heshima yake kwa Titian haikumzuia kumjibu. Velázquez, ambaye wakati ule alikuwa na miaka ishirini na tisa, aliyaona haya kwa karibu. Mwaka uliofuata alifunga safari kwenda Italia kuzisoma kazi za mastadi wa kule.

Mwanafunzi anayetaka kujifunza kwa Velázquez huanza na vitu vichache: kitambaa cha kitani kilichowambwa juu ya fremu ya mti kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, mafuta ya mbegu za kitani, burashi za manyoya ya nguruwe, na rangi ambazo hesabu yake yatosha kwa vidole vya mikono miwili. Wataalamu waliozichunguza picha zake kwa hadubini na kwa eksirei wamekuta kwamba rangi alizozitumia zilikuwa zile zile za wenziwe: nyeupe ya risasi, nyeusi ya mifupa iliyochomwa, udongo mwekundu na udongo wa manjano, nyekundu ya zebaki, na buluu kwa kiasi. Hakuwa na siri dukani. Nyeupe ya risasi ni sumu, na wengi siku hizi hutumia nyeupe ya titani, ambayo ina nguvu zaidi na hufunika upesi. Kwa hiyo nakala huanza kuachana na asili yake hata kabla ya burashi kugusa kitambaa.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa. Maji ya nguo hupaa yakaondoka. Mafuta hayaondoki, huvuta oksijeni ya hewani yakageuka polepole kuwa utando mgumu. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa kukauka mguso, na tabaka nene huweza kuchukua miezi mingi kabla halijakauka mpaka ndani. Kutokana na tabia hii ilizaliwa kanuni iliyofuatwa na kila karakana yenye akili: tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake. Mwenye kuigeuza kanuni hii hupata picha ambayo juu imekwisha kauka na chini ingali inajikunja, na baada ya muda uso wa malkia hupasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo mchoraji wa mafuta hufanya kazi na saa pamoja na rangi. Analoliweka leo amelifikiria kwa ajili ya wiki ijayo. Asiye na subira hufundishwa subira na kitani, tena bila matusi.

Chini ya uso upo mpako. Sevilla, katika ujana wake, Velázquez alipaka vitambaa vyake udongo wa kahawia. Madrid alitumia mpako mwekundu kwa muda, na baadaye mipako iliyong'aa zaidi, ya rangi ya kijivu. Mpako huu haufunikwi wote. Huachwa uchungulie penye kivuli cha shavu, chini ya kidevu, katika mkunjo wa joho. Na sehemu nyingi ambazo mtazamaji hudhani zimechorwa kwa uangalifu mkubwa ni sehemu ambazo hazikuguswa. Ni vigumu kunakili mahali ambapo stadi hakufanya kitu. Mwanafunzi huona woga kuacha, akajaza, na kwa kule kujaza uso wote hufa.

Picha inayofaa kwa mwenye kuanza ni ile ya Esopo, mtunga hekaya anayejulikana sana kwa wasomaji wa Kiswahili pia. Ilichorwa katika miaka ya 1630 kwa ajili ya nyumba ya mfalme ya mapumziko ya mawindo, na leo ipo Prado. Esopo amesimama katika joho la kahawia kama la mwombaji, kitabu mkononi, mkono wa pili umetiwa ndani ya joho, na uso wake ni wa mtu aliyesikia uongo mwingi na hakushangazwa na mmoja wao. Rangi ni chache mno, karibu zote ni ndugu wa udongo. Mwanafunzi huona wepesi hapa, akaanza na macho. Yeye hujua jicho: lina kope, lina mboni, lina ukingo. Basi huuchora ukingo. Akiinua kichwa kutazama tena, hakuna ukingo wowote. Kuna kivuli kimoja chenye unyevu, na ndani yake alama moja au mbili za burashi ambazo haziko mahali ambapo jicho la mwanadamu linasemwa kuwa lipo. Kile alichokichora kilitoka katika kumbukumbu yake, wala hakikutoka ukutani. Atafuta, atarudia, na atafuta tena. Siku tatu za kuchora jicho moja hazikupotea ikiwa mwishoni mwake mtu ametambua kuwa maisha yake yote alikuwa akiyatazama majina ya vitu.

Halafu huja taabu ya umbali. Picha za mwisho za Velázquez, hasa ile kubwa ya mwaka wa 1656 iitwayo Las Meninas, ambayo yapita mita 3 kwenda juu, zikitazamwa karibu hazina kitu. Utepe wa binti mfalme ni mikwaruzo. Fedha ya nguo yake ni madoa ya nyeupe yaliyotupwa kwa haraka juu ya kijivu. Mtazamaji akirudi hatua kadhaa nyuma, mikwaruzo hushikana ikawa hariri, na hewa ya chumba hujaa. Inasimuliwa kuwa Velázquez alitumia burashi za mipini mirefu. Lakini mnakili hana budi kukaa karibu ili mkono wake ufike, na akikaa karibu haoni anachokinakili. Hivyo hutembea: hatua mbele, alama moja, hatua nyuma, kutazama, hatua mbele tena. Walinzi wa makumbusho huijua mienendo hii. Mwisho wa siku mnakili amechoka miguu kuliko mkono, na jambo alilolipata halimo katika vidole. Ni uwezo wa kuweka alama moja akijua itakavyosomwa kutoka upande wa pili wa chumba. Mwandishi wa maneno atalielewa hili kwa urahisi, maana naye huandika neno akiwa karibu nalo kwa ajili ya msomaji aliye mbali.

Kuna jambo moja ambalo kunakili hakuwezi kulifundisha, na wapenzi wa kunakili hawalisemi kwa sauti. Katika picha ya Filipo wa Nne akiwa juu ya farasi, iliyopo Prado, miguu ya farasi ya kwanza, aliyoichora Velázquez na kisha kuibadili, huonekana kwa macho matupu kama kivuli kando ya miguu mipya. Kwa kuwa mafuta kwa kupita kwa miaka hupoteza ule uwezo wake wa kuficha, na makosa ya kale hupanda juu. Mnakili afanye nini na miguu ile? Akiiacha, ameisahihisha picha kuliko mwenyewe. Akiichora, amechora shaka ambayo hakuwa nayo. Velázquez alitafuta miguu ya farasi, mnakili ameikuta. Hiyo ndiyo tofauti yao, na mazoezi ya miaka ishirini hayaiondoi. Mwenye kunakili anajua jibu kabla ya kuulizwa swali, na yeyote aliyefundisha darasani anajua elimu ya namna hiyo inavyoweza kuwa kamilifu na tupu kwa wakati mmoja.

Makumbusho yenyewe yalijengwa kwa sehemu kwa ajili ya kazi hii. Louvre ilipofunguliwa kwa umma katika mwaka wa 1793, siku maalumu zilitengwa kwa wasanii. Wanawake wa Ufaransa, ambao chuo kikuu cha sanaa cha Paris kiliwafungia mlango mpaka mwaka wa 1897, walijifunza mbele ya kuta za Louvre yale waliyonyimwa darasani. Kanuni ya huko juu ya ukubwa ni ya busara: nakala isiwe na kipimo sawa na asili, bali izidi au ipungue kwa sehemu moja ya tano, ili kesho isiuzwe kwa jina lisilo lake.

Mfano ulio bora wa kunakili kulikozaa matunda ni wa John Singer Sargent, Mmarekani aliyezaliwa Florence katika mwaka wa 1856. Mwalimu wake wa Paris, Carolus-Duran, aliwahimiza wanafunzi wamsome Velázquez bila kupumzika. Na katika mwaka wa 1879 Sargent alikwenda Madrid, akaandikishwa miongoni mwa wanakili wa Prado, akakichora kichwa cha Esopo, na Las Meninas kwa kipimo kidogo, na nyingine kadhaa. Mwaka uliofuata alikwenda Haarlem kumnakili Frans Hals. Mwaka wa 1882 alichora mabinti wanne wa familia moja ya Boston katika chumba chenye kiza nyuma yao, na yeyote aliyeijua Las Meninas aliitambua hewa ile: giza lenye kina, watoto waliotawanyika, nafasi tupu inayosema zaidi ya samani. Hakuna mkao hata mmoja ulionakiliwa. Katika mwaka wa 2010 picha hiyo ilisafirishwa kutoka Boston ikatundikwa Prado pamoja na Las Meninas, mwanafunzi na mwalimu chumba kimoja.

Si kila mnakili alipata bahati hiyo. Juan Bautista Martínez del Mazo alimwoa binti wa Velázquez katika mwaka wa 1633, kama vile Velázquez alivyomwoa binti wa Pacheco, akafanya kazi karibu na mkwewe miaka mingi, akimnakili kwa ustadi mkubwa hata mkono wake ukamezwa. Picha kadhaa zilizosifiwa kwa vizazi kuwa za Velázquez sasa zinahesabiwa kuwa za Mazo, na sifa zikapungua siku ile ile jina lilipobadilika, ingawa rangi haikubadilika hata tone. Manet naye katika ujana wake alinakili Louvre picha ya mabwana kumi na watatu iliyosemwa kuwa ya Velázquez. Leo wataalamu hawamhesabii Velázquez picha ile. Alijifunza kwa asiyemjua, na alichojifunza kilikuwa chema vilevile.

Walakini katika wote hawa hakuna aliyesimama karibu na mkono ule kuliko mtu ambaye hakuingia karakana kwa hiari yake. Juan de Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, yapata mwaka wa 1608. Alikuwa mtu wa asili ya Afrika, na alikuwa mtumwa wa Velázquez. Kiswahili hutumia neno bwana kwa mtu wa heshima na kwa mwenye kumiliki watumwa. Katika nyumba ile maana zote mbili zilikaa katika mtu mmoja. Kazi ya Pareja ilikuwa kusaga rangi na kutayarisha vitambaa. Mambo ambayo mwanafunzi wa leo huyasoma kwa taabu, kiasi cha mafuta, ulaini wa nyeupe ya risasi, tabia ya mpako, yeye aliyajua kwa viganja vyake.

Antonio Palomino, aliyechapisha maisha ya wachoraji wa Hispania katika mwaka wa 1724, alisimulia kuwa bwana hakumruhusu Pareja kuchora, kwa ajili ya kulinda heshima ya sanaa, na kuwa Pareja alijifunza kwa siri katika saa alizoziiba usingizini. Siku moja, husema Palomino, aliiweka picha yake mwenyewe imeelekea ukutani, akijua kuwa mfalme alikuwa na mazoea ya kugeuza picha zilizowekwa vile. Mfalme alipoigeuza, Pareja alipiga magoti akakiri, na mfalme akatamka kuwa mwenye kipaji kama kile hawezi kuwa mtumwa. Ni hadithi tamu, na utamu wake ndio unaoitia shaka. Hati ya uhuru wa Pareja imepatikana. Iliandikwa Roma tarehe 23 Novemba 1650, mbali na mfalme, nayo iliagiza kuwa uhuru uanze baada ya miaka minne mingine ya utumishi. Tena hadithi ile ina kasoro kuu kuliko ya tarehe: inamfanya mtu astahili kuwa huru kwa sababu anajua kuchora. Juu ya waliosaga rangi maisha yao yote bila kuchora, Palomino hana la kusema.

Katika mwaka ule ule wa 1650, Velázquez akiwa Roma na kazi ya kumchora Papa Inosenti wa Kumi mbele yake, alimchora kwanza Pareja, yasemekana kwa kujizoeza. Mtumwa alikuwa zoezi la Papa. Lakini zoezi lile liliwekwa hadharani katika Pantheon mwezi Machi na likawashangaza wachoraji wa Roma, na mwenye kulitazama leo haoni utumwa ndani yake: mgongo umenyooka, kola nyeupe ya lasi, mkono umepita mbele ya kifua, macho yamemkabili mtazamaji bila kumwomba kitu. Yamkini rangi za uso ule zilisagwa na mwenye uso. Katika mwaka wa 1970 picha iliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 2, fedha ambazo hazijawahi kutolewa mnadani kwa picha yoyote kabla ya hapo, ikaenda New York katika makumbusho ya Metropolitan. Mtu aliyewahi kuwa na bei akiwa hai alipata bei nyingine akiwa kitambaani.

Pareja alipokuwa huru alichora kwa jina lake. Arturo Schomburg, yule mkusanyaji wa vitabu na kumbukumbu za watu weusi aliyezaliwa Puerto Rico, alikwenda Hispania katika mwaka wa 1926 kuzitafuta kazi zake, kwa sababu alikuwa amechoka kusikia kuwa watu weusi hawakuwa na historia katika sanaa. Alichokiona Madrid ni Wito wa Mathayo Mtakatifu, picha ya mwaka wa 1661, mwaka mmoja baada ya kufa kwa Velázquez, yenye upana wa zaidi ya mita 3. Wenye kutazamia nakala hawaipati. Kijivu cha bwana hakimo, wala ule ukimya wake. Pana nguzo, mazulia, vilemba, nyekundu na buluu za kushiba, watu wamejazana kuzunguka meza ya mtoza ushuru, kwa namna iliyopendwa na wachoraji wengine wa Madrid wa wakati ule. Wapo wahakiki waliohesabu jambo hili kuwa upungufu, kana kwamba aliyesaga kijivu kile kwa miaka mingi alishindwa kukijua. Ni rahisi zaidi kuamini kuwa alikijua kupita wote, akakiacha.

Upande wa kushoto kabisa wa picha, mbali na Kristo na mbali na meza, amesimama mtu mmoja ambaye hashughuliki na muujiza unaotendeka. Anamtazama anayetazama. Wapo waliosema kuwa Pareja alijichora mweupe kuliko Velázquez alivyomchora, na huenda ni kweli, na sababu zake alikwenda nazo. Mkononi ameshika karatasi, na juu ya karatasi limeandikwa jina lake.